Fundi Niliyemkwepa

Endulen,
12 Mei 2024

Dada yangu Dorkasi,

Pokea salamu hizi upesi, maana Nelson, atakayekuletea barua hii, amesimama na gari lake mlangoni kwangu na anapiga honi kana kwamba ameniajiri mimi. Mimi ni mzima. Baba Koinet ni mzima isipokuwa goti. Ng'ombe wamepona ule ugonjwa wa kwato, na majani mwaka huu yapo, Mungu ametukumbuka. Sijui huko Oldeani, wewe na Angela na mjukuu?

Nina habari kubwa. Koinet amefungua kibanda chake cha ufundi wa sola pale Karatu, mkono wa kushoto ukitoka stendi. Jina lake limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Mtoto wetu! Nasema wetu mbele ya yeyote, na wakiniuliza nawaeleza: nilipojifungua pale hospitali nikashikwa na homa, nikalala siku ishirini na moja sijui kunakucha wala kunakuchwa, na mama Mmbulu wa kitanda cha jirani, ndiye wewe, akamnyonyesha huyu mtoto pamoja na binti yake mwenyewe. Miaka ishirini na saba imepita na bado naisimulia.

Sasa ile sola uliyoniambia wakati wa Pasaka unaitaka, acha kuhangaika. Fundi unaye. Huku amekwisha kuwafungia baba zake wadogo wote wanne, na hakuna aliyetoa hata senti moja, maana mtoto hamtozi baba yake. Siku ile nilitembea boma kwa boma kuangalia taa, nikajisikia mkubwa. Na kwako wewe ndiyo kabisa, hata kutaja bei hawezi, ulimi utamkauka. Nilisema tangu angali mchanga, kati yake na wewe hakuna kununua. Taja siku tu, atakuja.

Nelson sasa amewasha gari. Msalimie Angela.

Dada yako,
Soila


Oldeani,
25 Mei 2024

Mpendwa dada Soila,

Takwenya, kwa salamu ya kwenu Kimasai. Najua umekwisha kuitikia "Iko" peke yako hapo ulipo, ndiyo maana napenda kukuandikia.

Barua yako niliikuta dukani kwa Vedasto, pembeni imefunguka kidogo. Vedasto anasema ni panya. Basi panya wa duka lile wamesoma, kwa sababu mke wake alinipongeza kwa habari za Koinet kabla mimi mwenyewe sijaisoma. Na ukisema unipigie simu, simu nayo naichajisha hapo hapo kwa Vedasto, kwa hiyo anayenipigia anaongea na foleni nzima ya watu wanaongoja chaji. Heri ya panya.

Nimefurahi kwa ajili ya Koinet, Soila. Nimekwenda hadi kwenye migomba nikacheka peke yangu. Nilimwona akiwa na siku moja, mikono mirefu, analia kwa sauti kuliko Angela, na sasa ana mlango wenye jina lake.

Kuhusu hiyo sola yangu, mwambie asije kwanza. Mvua haijakatika, bati za upande wa jikoni zinavuja, na nataka kubadilisha mbao kabla mtu hajapanda juu. Hakuna haraka. Nimekaa na kibatari miaka hamsini na nane, miezi miwili mitatu haitaniua. Mwache apate kwanza wateja wa mjini, wale wenye lodji, ambao hawamjui tangu akiwa na nepi.

Nimempa Nelson debe la maharage na kifuko cha kahawa. Kahawa usimpe Baba Koinet jioni, atakesha anahesabu ng'ombe waliokufa zamani.

Wako,
Dorkasi (Mama Angela)


Karatu,
11 Juni 2024

Shikamoo mama,

Nimekupigia siku nne simu haipatikani, nikaona nikuandikie, barua nimempa kijana wa Vedasto aliyekuja kuchukua mafuta ya kupikia. Angela nilimwona Jumapili pale lodji anapofanya kazi. Anasema una kikohozi kidogo. Huo ni moshi wa kibatari, mama, ila sitaki kukusumbua, yeyo, mama wa Endulen, ameniambia unangoja bati zibadilishwe. Sawa. Siku ukisema njoo, nakuja, na hizo bati nitazishika mimi.

Ninachokuandikia ni hiki. Msimu huu wa mavuno kuna watu wanazunguka vijijini wakijiita mafundi wa sola, kwa sababu wanajua watu wana hela mkononi. Juzi niliitwa na mwalimu mmoja mstaafu. Alifungiwa mwezi wa tatu, akalipa yote siku moja kwa kuambiwa bei ya ofa inaisha Ijumaa. Leo ana taa nne zinazowaka dakika kumi.

Naomba uwaambie mama zangu wa jumuiya yako ya sala. Fundi wa kweli, kabla ya kutaja bei, atakuuliza unataka kuwasha nini na kwa saa ngapi. Asiyeuliza hilo anakuuzia alichonacho. Akisema amefunga kwa fulani, wasikubali picha ya kwenye simu, waende wenyewe kwa huyo fulani wamuulize kama bado zinawaka. Vifaa vipimwe mbele yao, juani, kabla havijapanda juu. Risiti iwe na jina la duka, waranti iwe na muhuri. Na hela wasitoe zote. Nusu kazi ikiisha, nusu baada ya mwezi zikiwa bado zinawaka. Mwenye kazi safi atanung'unika lakini atakubali. Mwizi atawauliza kwa sauti ya huzuni kama hawamwamini.

Najua wewe huna shida hiyo, una mimi. Ila wengine hawana.

Mwanao,
Koinet


Endulen,
20 Juni 2024

Dorkasi,

Nelson alikwenda Oldeani Jumanne kununua mahindi. Ameniambia juu ya bati lako, lile linalovuja, kuna paneli mpya inang'aa. Nikafurahi, nikasema Koinet kafanya haraka. Nelson akageuka kufunga gunia lake. Nilipombana akasema kwa Vedasto wanajua wote, ni fundi wa Arusha mwenye pikipiki, na alifunga tangu wiki ya kwanza ya mwezi huu.

Kwa hiyo mvua ilikatika kwa ajili ya mwingine.

Sina neno na paneli. Nina neno na mtoto. Ana kodi ya kibanda kila mwezi na hana mteja hata mmoja wa upande wenu. Watu wa Oldeani wanajua wewe ni mama yake. Wakiona mama yake ameita mgeni, watasema mama anajua kitu. Ukimkataa wewe hakuna atakayempokea, na akifunga ule mlango wenye jina lake, itakuwa kwa mkono wako. Au na kwako wewe Mmasai kazi yake ni kulinda geti tu?

Sijamwambia. Sijui nitamwambiaje.

Maharage nimeyapika. Yalikuwa matamu, na hilo linaniudhi zaidi.

Soila, Mama Koinet


Oldeani,
29 Juni 2024

Dada Soila,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikiitafuta salamu. Haikuwemo.

Fundi yule alikuja kupitia jumuiya, na mimi nikiwa mwenyekiti sikuona vizuri kumkataa. Kazi aliyofanya ni nzuri. Taa zinawaka vizuri sana.

Lile la geti umelisema kwa hasira, kwa hiyo naliacha lipite. Lakini si kabila, Soila. Mimi na wewe tulilala vitanda viwili vilivyogusana, unanijua. Sababu ninayo, ila siwezi kuiweka kwenye karatasi inayopita kwa Vedasto. Nakuomba uniamini kidogo tu, kama nilivyokuamini mimi siku zote.

Sina maneno mengine leo.

Dorkasi


Oldeani,
30 Juni 2024

Mwanangu Koinet,

Marahaba. Barua hii nimempa Angela aliyekuja kusali nyumbani, akukabidhi mkononi, wala asiipitishe dukani.

Jana nimemwandikia mama yako kwamba taa zangu zinawaka vizuri sana. Nimeandika uongo, tena kwa mwandiko mzuri. Ziliwaka wiki mbili. Wiki ya tatu zikawa zinazimika kabla sijamaliza ugali. Nikampigia fundi, anaitwa Leonce, akaniambia ni ukungu wa Juni, jua halishiki, nivumilie hadi Agosti. Nikamwamini, kwa sababu ukungu kweli upo. Halafu ndipo kijana wa Vedasto akakumbuka kwamba ana barua yako tangu wiki mbili nyuma. Nimeisoma nimekaa juu ya gunia la maharage. Kila ulichosema fundi wa kweli anakifanya, huyu hakufanya hata kimoja.

Alikuja siku ya jumuiya. Aliimba nasi, akawaombea wagonjwa bila kutazama kitabu, akatoa mchango wa sare za kwaya. Akasema amefunga sola nyumba ya mapadre huko mbali. Tukaona huyu ni mwenzetu. Tulimpima kwa sala, risiti hatukumuuliza. Na ofa ilikuwa inaisha Ijumaa. Nikampa akiba yangu yote ya kahawa.

Utauliza kwa nini sikukuita wewe. Nitakuambia, na usikasirike. Mama yako aliniandikia kwa furaha kwamba umewafungia baba zako wadogo wote wanne bure. Wiki hiyo hiyo Angela akaniambia umeuza drili ili ulipe kodi ya kibanda. Nikaona nikikuita utanifungia bure na mimi, kisha utauza ngazi. Kukulipa nisingeweza, ingekuwa kama nakuvua uwana, mama yako alikwisha kusema kati yetu hakuna kununua. Na mimi niliyekunyonyesha, kukunyonya ukubwani nisingeweza pia. Basi nikatafuta mtu ambaye ninaweza kumlipa bila kumuumiza, na Mungu akanipa huyo.

Sasa lililo zito zaidi. Wenzangu waliziona taa zangu zile wiki mbili za mwanzo. Jumamosi ijayo, tarehe sita, wanne kati yao watampa Leonce hela zao hapa hapa kwangu baada ya sala. Mmoja ni Katarina, mjane, umri wake ni mkubwa kuliko wangu. Nikisema, watajua mwenyekiti wao alidanganywa kama mtoto. Nikinyamaza, wataibiwa kwa sababu yangu. Najua jibu, ila nataka mtu aniambie.

Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Mama yako wa Oldeani,
Dorkasi


Karatu,
2 Julai 2024

Shikamoo mama,

Sijakasirika. Nimekaa kidogo nje ya kibanda, halafu nimecheka, halafu nimekaa tena.

Usimpigie Leonce, usimtishe, usimwambie chochote. Paneli na betri usiviguse. Kila karatasi aliyokupa iweke mahali pamoja. Jumamosi nitafika mapema kabla ya sala, nipime mbele ya mama zangu wote. Lakini neno la kwanza uwaambie wewe. Nikiwaambia mimi watasema ni fundi anamwonea mwenzake wivu.

Kuhusu bei, tutaongea nikifika.

Mwanao,
Koinet


Oldeani,
10 Julai 2024

Dada yangu Soila,

Nilikudanganya. Tarehe ishirini na tisa nilikuandikia kwamba taa zangu zinawaka, na saa ile ile nilikuwa nakuandikia karibu na dirisha kwa sababu zimekufa. Naomba unisamehe hilo kwanza, halafu usome yaliyobaki. Barua hii anakuletea Nelson mkononi na ameapa kutoifungua.

Nilitapeliwa, Soila. Yule fundi ni mwizi. Na Koinet sikumwita kwa sababu nilisikia ameuza drili yake kulipa kodi, baada ya kuwafungia baba zake wadogo bure. Nadhani hukujua habari ya drili, hakukwambia kwa kuwa ulikuwa na furaha sana. Niliogopa kwamba na mimi nitakuwa wa tano. Sikumkataa mtoto. Nilimkwepa kwa kumpenda, na nikaangukia shimoni.

Jumamosi alifika mapema, ukungu bado uko chini, amejifunika shuka na vifaa vyake viko ndani ya shuka. Wenzangu walipokaa, nikasimama kabla ya wimbo wa kufungulia. Nikawaambia: taa zangu zimekufa, fundi niliyewaletea hajui kazi au anajua kuiba, na nililijua hilo wiki nzima nikanyamaza kwa aibu. Kisha nikawasomea barua ya Koinet yote, ile ya jinsi ya kumtambua fundi. Katarina akafungua fundo la kanga yake, akazitazama hela zake, akalifunga tena kwa nguvu.

Koinet akapanda juu. Akabandua lebo ya paneli kwa kucha, na chini yake kuna lebo nyingine. Ya juu inasema wati mia mbili, ya chini inasema sitini. Akashuka, akaingia ndani kwenye betri, ile kubwa nzito ambayo tulishindwa kuibeba watu wawili, akafungua kifuniko. Ndani kuna betri ndogo ya pikipiki, na pembeni yake mchanga. Mchanga wa mtoni, Soila, umeoshwa vizuri. Nilikuwa naufuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa.

Akakirudisha kifuniko, akatoka kukaa nje ukutani, sisi tukasali. Saa nne Leonce akafika na pikipiki yake. Akamwona Koinet amejifunika shuka, akamwambia, "Moran, niangalizie pikipiki, nitakupa hela ya soda." Koinet akasema sawa.

Ndani tukampa chai. Katarina akamuuliza ni nani hapa jirani aliyemfungia, ili aende akaone. Akatoa picha kwenye simu. Akamuuliza risiti, akasema kitabu kimeisha. Akamuuliza kama atapokea nusu leo na nusu baada ya mwezi. Leonce akaweka kikombe chini, akasema kwa huzuni kubwa, "Mama, ina maana hamniamini?" Nyumba nzima ikacheka. Kila mmoja alikuwa amelisikia neno hilo asubuhi ile ile, likisomwa. Nikaiburuta betri mbele yake, nikafunua, nikachota mchanga kidogo nikaumimina miguuni pake.

Akasema anakwenda kuchukua vifaa kwenye pikipiki. Akamkuta Koinet amekaa juu yake, ametulia. Akamwambia ashuke. Koinet akasema, "Umeniambia niiangalie. Naiangalia." Leonce akatazama nyuma, akatuona wanawake kumi na nne mlangoni, akakimbia kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa. Tulimwita mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda polisi, tumepewa namba ya kesi. Pikipiki nayo ilikuwa ya kukodi, mwenyewe alikuja Jumapili kutoka Karatu analia. Hela yangu sijaiona, na sidhani kama nitaiona.

Sasa sikia la mwisho, na ukae kwanza. Koinet alikagua akasema paneli ni ndogo lakini ni nzima, waya nzima, taa nzima, vya kununua ni betri na kile kifaa cha kulinda chaji. Aliniuliza ninawasha nini na kwa saa ngapi, akaandika. Jumatatu akarudi navyo, na risiti ya duka, na waranti yenye muhuri. Mimi nilikuwa nimeuza nguruwe wangu mkubwa, najua kwenu nyama yake ni mwiko, usitemee mate barua yangu, na hela nimezifunga kwenye kanga, nimejiandaa kwa vita. Alipomaliza, Katarina na wengine wako pale wanaangalia, nikamwambia, "Mwanangu, najua utakataa, lakini nakuomba upokee."

Hakukataa. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu mbele ya wote, akanirudishia nusu, akasema hii nyingine mwezi ujao zikiwa zinawaka. Kisha akatoa kitabu kipya kabisa cha risiti akaandika jina langu lote. Nilijiandaa kugombana na mtu anayekataa hela. Akaniambia, "Nikikufungia bure, mama, kesho hawa watasema Koinet alimfungia mama yake. Nataka waseme fundi alimfungia mteja."

Nililia, Soila, na sikujificha. Nilimwona mtoto kwa miaka ishirini na saba, na mwanamume alikuwa amesimama mbele yangu na kalamu. Katarina amesema ataangalia taa zangu mwezi mzima ndipo amwite, na Koinet akamwambia hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wengine wawili hawakungoja, wameshaandikwa.

Kama bado una hasira, niandikie hasira hizo. Ila weka na salamu.

Dada yako,
Dorkasi


Endulen,
24 Julai 2024

Dada yangu, dada yangu Dorkasi,

Salamu. Salamu tena. Salamu ya tatu ni ya ile barua niliyokunyima salamu.

Nelson alikataa kuondoka mpaka nimalize kusoma, maana alitaka kujua habari za pikipiki. Nilipofika pale ulipomimina mchanga nikacheka hadi Baba Koinet akaja na fimbo akidhani kuna nyoka. Nilipofika pale pa drili, nikaacha kucheka.

Sikujua. Nilitembea boma kwa boma nikiangalia zile taa, nikajisifu kwa kila mwanamke niliyekutana naye, na mtoto alikuwa anauza vifaa vyake. Nilikuwa najivunia hasara ya mwanangu. Wewe uliye mbali uliiona, mimi niliye karibu nikaiita heshima. Kisha nikakutukana. Lile neno la geti lilitoka kwangu, Dorkasi, na kila nikimkumbuka huyo mwizi akimwambia mtoto amwangalizie pikipiki, naona haya kwamba mimi na yeye tulisema neno moja. Nisamehe.

Pale pa risiti nilikasirika, sitakuficha. Nilisema, huyu amemtoza mama aliyemnyonyesha, watu wakisikia nitaficha wapi uso. Nikamngoja. Alipokuja Jumamosi sikumpa hata chai, nikamuuliza ni aibu gani hii. Akaniambia, "Yeyo, mama wa Oldeani ndiye mtu wa kwanza kunilipa bila kuniomba nipunguze." Nikampa chai.

Asubuhi yake nikachukua fimbo nikazunguka boma zote nne, na safari hii sikwenda kuangalia taa. Baba zake wadogo wawili wametoa mbuzi mmoja mmoja. Wa tatu ametoa dume la kondoo na maneno mengi. Wa nne amesema mtoto hamtozi baba yake, nikamwambia kweli, lakini baba naye hamfilisi mtoto, na nimekaa mlangoni pake hadi jua limesimama kichwani. Ametoa.

Kisha nikarudi nyumbani kwangu. Najua hujawahi kuniuliza, na mimi nilikuwa nakwepa kukwambia: kwangu hakuna taa. Mama wa fundi anakaa na kibatari. Nilikuwa nangoja zamu yangu ya bure, baada ya ukoo wote. Nikauza mbuzi wangu mwenyewe, wala si wale waliotolewa, nikamwita Koinet nikamwambia anipimie. Akaniuliza nataka kuwasha nini na kwa saa ngapi, kana kwamba hakuzaliwa humu ndani. Alipomaliza nikamtolea hela. Nikajaribu kidogo kumwomba apunguze, nione. Akakataa.

Alizihesabu mara mbili mbele yangu, bila haya, analamba kidole. Baba Koinet akatoka nje kwa aibu. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kigoda namtazama, machozi yananitoka kwa furaha, kwa sababu mtoto huyu ni mpole mno na nimeishi miaka yote nikimwogopea, na siku ile nikajua kwamba hata nikifa Koinet hatalala njaa.

Dada yako,
Soila